Mama Yako Yuko Kwangu, Mtani

Mtani wangu Kalunde, mtumwa wa mama yangu na wa bibi yangu,

Sikusalimii. Salamu zako nimempa mama yako, ambaye sasa hivi yuko jikoni kwangu hapa Silver Spring, kajifunga kanga kifuani, anagombana na jiko langu la umeme kwa Kinyamwezi. Hajaibiwa. Alitoka nyumbani kwako kwa miguu yake, begi kalipanga mwenyewe, dawa zake za presha zipo na anazimeza. Umepiga simu wiki baada ya wiki, na mimi sipokei, na sitapokea. Nimeona nikuandikie, tena barua hii naiweka kwenye grupu letu la misiba na harusi, Watanzania wote wa huku waisome, wa Springfield mpaka wa Manassas. Uliniaibisha mbele yao, na mimi nakujibu mbele yao.

Wewe unaijua desturi, ila humu grupuni wamo Wakenya na Wakongo, acha niwaeleze wasije wakasema mimi Mwanaidi nimechanganyikiwa kwa ajili ya msiba. Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Unaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu nikacheka. Naweza kuchukua kitu chako mchana kweupe na huna ruhusa ya kununa. Lakini nikifiwa, wewe ndiye unatakiwa uwe wa kwanza kufika. Unashika kazi za msiba, unavaa nguo za marehemu, unamwigiza anavyotembea na anavyokohoa, mpaka mfiwa anacheka machozi yakiwa bado usoni. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na kwetu hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuifanya.

Unakumbuka tulivyokutana? Duka la yule mama Mghana, karibu na stesheni, wakati nilikuwa mgeni hata treni napanda huku nimeshika moyo. Ulikuwa mbele yangu kwenye foleni na toroli lako, unaongea na simu kwa sauti ya kuita ng'ombe, nikasikia umetaja Tabora. Nikakugusa bega. "Samahani dada, wewe mtu wa Tabora?" Ukasema, "Tena Tabora mjini, kwani vipi?" Nilizoa mihogo yako yote nikaitia kwenye toroli langu, kisha nikakupita nikasimama mbele yako. Ukanitazama kutoka utosini mpaka viatuni. "Ala! Mzaramo wewe! Hata Marekani mmekuja kukaba watu?" Mama Mghana alishashika simu aite walinzi, anaona wanawake wawili wananyang'anyana mihogo na kutukanana, mara hao wanakumbatiana na kulia. Jioni ile tuliipika kwangu kwa nazi. Ulikula ukaramba sahani, na ulipoondoka ukaondoka na sufuria yangu, nami nikakusindikiza mpaka kwenye lifti nikikucheka.

Nilikuwa sina mtu hapa, Kalunde. Kuanzia siku ile nikawa naye.

Halafu wakaja wazee wetu. Mama yako, Bi Nyamizi, alitangulia, ulimleta akulelee watoto. Mama yangu, Bi Tatu, akafuata. Siku ya kwanza kukutana sebuleni kwangu, mama yako hata hakukaa, akasema, "Nyinyi Wazaramo tulikuwa tunawapita mnacheza ngoma, tukirudi tunawakuta mnacheza ngoma." Mama yangu akamwambia, "Na nyinyi mlikuwa mmebeba mizigo ya watu kichwani, sisi tumekaa mkekani tunawatazama. Mjinga nani hapo?" Basi, hapo wakawa hawaachani. Kila ukienda kazini unamleta mama yako kwangu, wanashinda wamekaa kwenye kochi lile la kijani, wanachambua mchicha na kutukanana. Unakumbuka asubuhi ya Idi, mama yako alipoficha meno ya bandia ya mama yangu? Mama akaenda kusali Idi kafumba mdomo kama kameza siri, kila mtu akimpa mkono wa Idi anaitikia kwa kichwa. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye sehemu ya kuegesha magari, na baibui lako jipya lile.

Nayakumbusha haya si kwa sababu nimekusamehe. Nataka ujue ulichokitupa.

Maana siku ile nayo unaikumbuka, wala usijifanye hamnazo. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa moyo. Alikuwa kibarazani, wewe unamkata kucha za miguu, mimi napanga nguo. Akakwambia, "Kalunde, mtumwa wangu, mimi nikifa wewe usilie. Uvae kanga yangu uwachekeshe watu. Huyu binti yangu akianza kulia hana breki, tangu mdogo. Asipopata wa kumchekesha ataniharibia msiba." Wewe hata hukuinua kichwa. Ukasema, "Bi Tatu, nitakuja hata kwa miguu. Babu zangu walitembea kutoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani, leo mimi nishindwe kufika Silver Spring?" Mama akacheka, akakupiga kofi la mgongo. Aliridhika, mwanamke wewe. Aliniambia mwenyewe baadaye: kwa Kalunde sina wasiwasi.

Kisha mkahamia jangwani, huko magharibi. Mumeo kapata kazi kwenye hoteli za watalii, na wewe ukafuata ukawa msimamizi wa wahudumu wa vyumba, na hilo sikulionea kijicho, Mungu shahidi. Nilikufungashia vyombo mimi. Ila mama yako hakutaka kwenda. Alishika mlango wa gari pale chini ya jengo letu, akakwambia mniache hapa na Bi Tatu, mtakuwa mnakuja likizo. Ukamwambia, "Mama, utazoea." Ukamfunga mkanda wa gari kama mtoto.

Zikaanza video. Bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Milima myekundu. Viwanja vya gofu vya kijani katikati ya mchanga. Kila mwezi mtaa mpya umeota nyuma ya mtaa wenu, hoteli mpya, duka jipya, na wewe na miwani yako ya jua unasema, "Mtani, hamia huku, baridi la kazi gani? Huku mji ndiyo kwanza unakua, nyumba zina vyumba mpaka unapotea!" Mama yangu alikuwa anaitazama simu, anauliza swali lile lile: "Nyamizi yuko wapi? Mbona haonekani kwenye picha?" Unajibu yuko ndani, amepumzika. Mama akawa anasema huyu mwenzangu anapumzika sana siku hizi.

Mama alifariki Januari, Alhamisi asubuhi, na theluji nje. Nilikupigia wewe kabla sijampigia kaka yangu Dar. Ulilia. Ukasema, "Nakuja, mtani, usifanye lolote, nakuja." Mimi nikatoa kanga ya mama, ile ya zambarau aliyokuwa anaipenda, nikaikunja, nikaiweka kwenye kiti, miwani yake juu yake na bakora pembeni. Nikawaambia wanawake wote waliokuja, msiguse, ni vya Kalunde.

Mazishi yalikuwa kesho yake, unajua Waislamu hatulazi maiti. Ndege kutoka kwako ni ya saa chache tu. Wanaume wakaondoka na jeneza kwenda makaburini Virginia, sisi tukabaki sebuleni na kiti kile. Kila lifti ikilia, watu wanageuka. Njeri, jirani yangu Mkenya, ambaye alikuwa ameosha vyombo tangu alfajiri, akaja akaniinamia sikioni: "Mwanaidi, si tuendelee tu? Kwani huyu mtu mnangoja ni nani?" Nikamwambia ni mtani wangu, yuko njiani.

Kengele ikalia. Nikakimbia mimi mwenyewe, miguu peku. Amesimama kijana wa kuleta mizigo, mikononi ana shada la maua meupe. Kutoka kwako. Na kikadi kimechapwa kwa Kiingereza: rambirambi za dhati. Na kwenye simu, ujumbe wako wa sauti, umekaza sauti kama msemaji wa ubalozi: "Poleni sana familia. Huku ni msimu wa wageni, hoteli imejaa, nimeshindwa kupata ruhusa. Mwenyezi Mungu awape subira katika kipindi hiki kigumu."

Poleni familia! Mimi na wewe, Kalunde! Mtu aliyeondoka na sufuria yangu ananiambia poleni familia! Ungenitukana ningekuelewa. Ungepiga simu ukasema Bi Tatu kafa ili asikulipe mihogo, ningecheka, wallahi ningecheka, ningekuweka kwenye spika watu wote wakakusikia, na ingetosha. Hata hilo hukuweza. Umenipa heshima. Siku niliyokuhitaji uwe mtani ukaamua kuwa mtu wa adabu.

Basi nililia, kama mama alivyosema. Sina breki. Nililia mpaka sauti ikakatika, watu wakaniambia jikaze, wengine wakaniambia ni kazi ya Mungu, na wote wana haki, wala hakuna aliyefanya kosa. Hakuna mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani zaidi yako. Maua yako yalikaa kwenye sinki la jikoni. Hakuna aliyejua yawekwe wapi.

Na hapo bado ningekaa kimya. Ningenuna, ningekutoa moyoni taratibu, yakaisha. Lakini wiki ya pili simu ya mama ililia tena, kama ilivyolia kila siku. Nilikuwa sijaizima, sikuwa na moyo wa kuizima wala wa kuitazama. Nikatazama kioo, jina la mama yako. Nikapokea. Nikasikia, "Mpe simu huyo mtumwa wangu mvivu, mbona hapokei? Amefungwa?"

Hukumwambia.

Nilikaa chini sakafuni, Kalunde. Mama yako alikuwa anampigia marehemu kila siku, na wewe unamwona, unakaa naye meza moja, unamwambia labda simu ya Bi Tatu mbovu. Baadaye ukaniandikia eti moyo wake hautahimili. Eti ungemwambia msimu wa wageni ukiisha. Ikabidi nimwambie mimi, kwa simu, kwa sauti yangu iliyokatika, bila mtu wa kumshika mkono upande wake. Kisha akauliza, "Nani alivaa kanga yake?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Njoo unichukue."

Nikaja.

Sasa nikwambie niliyoyaona kwenye mji wako, maana wewe unauona kwa kamera tu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, sikatai, japo ningependa ingekuwa mbaya. Jua la upole, wazee wa Kizungu wamevaa kaptura, magari madogo ya gofu yanatembea barabarani kama ya kuchezea. Mitende imepandwa mikubwa mikubwa, imeegemezewa magogo isianguke, na haina hata tende moja. Dereva wa teksi alipotea mara mbili, kwa sababu mtaa wenu ni mpya hata ramani ya simu haiujui. Nyumba zote rangi moja ya udongo, zote zina ukuta, zote zimefungwa. Nilitembea kutoka mwanzo wa mtaa hadi mlangoni kwako, sikukuta binadamu anayetembea kwa miguu.

Mama yako alifungua mlango kabla sijabonyeza kengele. Kavaa koti la baridi la hapa Silver Spring, begi liko miguuni. Akasema, "Umechelewa, mtumwa." Hakuna salamu nyingine. Nikamwomba maji, nikakaa kidogo, nikaona anavyoishi. Mapazia yamefungwa kwa sababu jua linaharibu makochi. Televisheni inaongea peke yake. Watoto shule, wewe hotelini, mumeo hotelini. Aliniambia mtu pekee anayemsalimia mchana ni Mmeksiko anayekuja kukata nyasi, nao hawaelewani lugha, wanainuliana mikono dirishani. "Kule Tabora," akasema, "hata mbuzi ungepiga naye soga." Mwanamke aliyekuwa anaficha watu meno siku ya Idi! Umemkausha kama mchembe wa viazi ulioanikwa juani, Kalunde, halafu unasema umempa raha.

Uwanja wa ndege nilimwambia akupigie, tusije tukaonekana wezi. Akakwambia wazi, mbele yangu, "Mtani kaniiba, tunapanda ndege." Ukacheka. Ukasema, "Mama na utani wako, nina wageni hapa, tutaongea jioni." Ukakata. Kwa hiyo jioni ulipofika nyumbani ukaanza kunitumia makelele kwa ujumbe wa sauti, eti utaita polisi, eti huu ni utekaji, ulikuwa umeshaarifiwa na mama mwenyewe. Haya, waite. Waeleze askari wa Marekani kwamba Mzaramo kachukua mama wa Mnyamwezi kwa haki ya utani. Nitawapikia na chai. Na kwani umekasirika? Mtani hakasiriki, dada. Mihogo hukukasirika.

Arobaini ya mama tumeisoma Jumamosi. Watu walijaa mpaka kwenye korido, biriani ilitosha, alhamdulillah. Baada ya dua nikawa nimekaa na hali yangu ile ile ya Januari. Nikasikia bakora inagonga sakafu, ko, ko, halafu mguu unaburuzwa. Nikainua macho. Mama yako, na magoti yake yale mabovu, kavaa kanga ya zambarau, miwani ya mama iko kwenye ncha ya pua, anatembea ule mwendo. Akafika kwenye kochi la kijani, akajishusha, akaguna ule mguno wa mama, akachukua kikombe changu, akaonja, akakunja uso. "Mwanaidi! Chai hii umeitia sukari au umeionyesha tu?"

Lo! Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye zulia. Chumba kizima kilicheka, Njeri alicheka na hakuna alichoelewa. Halafu mama yako akakaa pale pale anaendelea, anamsema mama, anamwita mvivu, amekufa ili asichambue mchicha, na yeye mwenyewe machozi yanamtiririka chini ya miwani ile, na hakuacha. Nikalia tena, ila kilio hicho kilikuwa na mwisho. Usiku ule nililala.

Kazi yako kaifanya mama yako.

Sasa sikia, maana ndipo nilipotaka kufika. Desturi inasema nitaje fidia, uje ukomboe ulichochukuliwa. Sitaji. Hakuna kitu chako ninachokitaka. Bi Nyamizi analala kwenye kitanda cha mama yangu, na atakaa mpaka atakapochoka mwenyewe, na mimi sioni dalili ya kuchoka. Jana kagombana na mama Mghana juu ya bei ya bamia na karudi amechangamka kama bi harusi. Watoto wako wanapiga, anaongea nao kila siku, watoto hawana kosa. Wewe atakuongelesha akipenda. Mimi ninachotaka ni urudi kutoka hotelini jioni, ufungue mlango wa nyumba hiyo yenye vyumba mpaka unapotea, na asiwepo mtu wa kukuuliza umekula. Upite sebuleni, kimya. Ufungue chumba chake, kitanda kimetandikwa. Nataka uyajue makubwa ya nyumba isiyo na mama ndani. Mimi nimeyajua peke yangu tangu Januari, na wewe uliahidi kuja na hukuja. Nataka uumie, Kalunde. Hilo silisemi kwa utani.

Nilikuwa nimeishia hapo. Ila nimemsomea mama yako barua yote, kwa sababu ni mama yako na sitaki kumfanyia ulichomfanyia. Kwenye meno alicheka. Kwenye mlango wa gari akaanza kukunja pindo la kanga yake, akalikunja mpaka mwisho. Nikamuuliza, kuna neno la kuongeza? Akasema, "Mwandikie mwanangu anywe maji. Akizidiwa na kazi husahau, tangu mdogo, na kule hewa ni kavu." Nikamwambia, bibi, hii ni barua ya ugomvi. Akasema, "Andika."

Basi nimeandika. Amri ni yake. Mimi ningekuacha ukauke.

Mtani wako,
Mwanaidi, binti wa Bi Tatu